Kabla ya Mteja wa Kwanza

4 Februari

Kwa shemeji,

Salamu. Natumai u mzima, dada ni mzima, na mwanenu anayewahifadhi huko hajawachoka bado. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo halipandi ngazi tena bila kulalamika, na kazi yangu, kama unavyojua, ni ya ngazi.

Najua umeshangaa. Miaka sita bila hata salamu, halafu barua. Ningeweza kupiga simu, namba ya dada ninayo, lakini kwenye simu nitafoka, nawe utafoka, na dada atatukatia sote wawili. Kwenye karatasi angalau natulia. Usicheke. Najua hilo ni neno lako, wateja walilisikia mpaka wakakubatiza nalo.

Jambo lenyewe ni hili. Wamebandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa. Mwezi wa sita kutakuwa na Wiki ya Sanaa: siku saba za maigizo, muziki na ushairi, na ukuta mzima wa ndani umeachiwa wachoraji. Pamoja na hiyo kuna mfuko wa wasanii wa mtaa. Msanii mmoja atachaguliwa, apewe vifaa na posho ya mwaka mzima, afanye kazi moja kubwa ya ukumbi na kumfundisha yeyote anayetaka kujifunza. Kazi ya mwaka huu ni pazia la jukwaa. Pazia la jukwaa, shemeji, mita nane kwa tano. Nilisimama mbele ya tangazo lile mpaka mwenye duka la jirani akaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Unajua ninachofanya siku hizi? Nachora mistari ya kuegeshea magari. Mimi niliyekuwa nachora maporomoko ya maji mpaka watoto wanaogopa kulowa. Zilipokuja mandhari za plastiki za kuchapishwa, halafu zikaja simu, hakuna tena aliyeniita mchoraji. Naitwa "yule mzee wa mistari". Nataka niitwe mchoraji tena kabla sijafa, na mtu aliyeshika karatasi mkononi, siyo na jirani anayenionea huruma. Hicho tu ndicho ninachokitaka, na nakitaka kweli.

Sasa fomu. Inadai picha kumi za kazi zilizopita, ionekane kazi yote, pasiwe na mtu mbele yake. Mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Machi saa kumi jioni. Katibu wa kamati, binti mmoja mwenye miwani na subira, aliniuliza, "Mzee, kazi zako ziko wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba ziko moja juu ya nyingine. Wewe unanielewa. Turubai letu lilikuwa moja. Wateja wakiichoka mandhari, nalipaka nyeupe lote, nachora nyingine juu. Bahari iko chini ya mlima, mlima uko chini ya bustani, bustani iko chini ya ndege inayopaa. Miaka kumi na tisa nimechora nyuma ya kiti cha studio yako, na sina hata moja ya kuonyesha.

Kwa hiyo nauliza. Katika lile sanduku lako la bati huenda kuna picha zilizoharibika: mteja kainuka mapema, mtoto kakimbia, mandhari ikabaki peke yake. Kama zipo, nitumie. Kama hutaki kwa sababu ya yale, nitaelewa, ingawa wewe mwenyewe unajua muhuri ulisema nini.

Msalimie dada.

Shemeji yako,
Mawingu


19 Februari

Kwa shemeji Mawingu,

Salamu zimefika. Sisi wazima, mwanetu mzima, na goti pole. Mimi ni macho yaliyonigomea. Mtoto wa jicho, yote mawili. Naona watu kama wamesimama nyuma ya kioo cha bafuni. Nitafanyiwa upasuaji tarehe 10 Aprili. Mpaka siku hiyo barua zako anazisoma dada yako, na hii anaiandika yeye, mimi nasema. Kwa hiyo makali yako yote yanapita kinywani mwake kwanza, na nahisi mengine anayaruka.

(Siruki kitu, mdogo wangu. Nasoma polepole tu pale unapostahili aibu.)

Umeandika "yale". Yale yapi? Yaseme. Sema kwamba siku ile uliingia studio saa sita mchana, hukusalimia mtu, ukalivua turubai ukutani, ukalikunja, ukalitia begani ukatoka. Bibi harusi alikuwa kwenye kiti anapakwa poda. Bwana harusi alikuwa anafunga tai. Niliwapiga picha mbele ya ukuta mtupu wenye msumari. Katika kazi yangu yote, hiyo ndiyo siku pekee niliyoona haya kumkabidhi mteja picha zake. Na hukusema neno. Habari ya muhuri niliisikia kwa dada yako, miezi mitatu baadaye, studio ikiwa imeshafungwa.

Swali lako lina jibu fupi. Sina picha iliyoharibika. Sikuwa napiga picha mteja akiinuka. Nilikuwa nawaambia watulie na wanatulia. Chache zilizoharibika nilizichoma uani kila Jumamosi, na wewe ulikuwa unaota moto wake.

(Nimemuuliza kama tumemaliza, akasema tumemaliza. Mimi sidhani, lakini naandika ninachoambiwa.)

Nakutakia heri na fomu yako.

Shemeji yako,
Tulia


27 Februari

Kwa shemeji Tulia,

Salamu kwako na kwa dada, na pole sana ya macho. Sikujua. Mpiga picha kunyimwa macho! Hiyo tarehe 10 Aprili nimeiandika ukutani juu ya kitanda.

Jibu lako nimelipokea na sitauliza tena. Nilichofanya, nilichukua mkoba nikazunguka mtaani kuomba albamu. Kila nyumba ina picha yako, shemeji. Kila picha ina mandhari yangu, na kila mandhari ina kichwa cha mtu mbele yake. Kwa fundi cherehani wa pale kona wako watu tisa, wamejipanga vizuri kweli, maporomoko yangu yote wameyaziba, limebaki tone moja karibu na sikio la mjomba. Mwenye bucha amekaa mbele ya mlima na mabega yake yale, mlima ukabaki kama kofia yake. Katibu alizitazama zote kwa adabu, akasema, "Mzee, naona watu wamependeza. Mchoro siuoni."

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Nyumba ya mwisho nilikaribishwa na mama mmoja wa watoto wawili. Akaniletea albamu ya harusi yake. Nikaifungua, nikakuta ukuta. Ukuta, msumari, na yeye katika shela anatabasamu, picha kumi na mbili. Hakunijua mimi ni nani. Akacheka, akasema, "Siku hiyo kuna kichaa aliondoka na pazia." Akasema uliwaomba radhi mara nyingi mpaka ikabidi yeye, bibi harusi, ndiye akubembeleze wewe. Nikamwambia kichaa mwenyewe ni mimi. Akainuka kwenda kunichemshia chai, na chai ile ilinishinda kunywa.

Nilikukasirikia wewe nikamwadhibu yeye. Na wewe nilikuacha mbele ya wateja huna pa kuuweka uso. Nisamehe kwa hilo. Sisemi hivi kwa sababu ya sanduku, mambo ya sanduku yamekwisha. Turubai lenyewe nililikata vipande nikafunikia madebe ya rangi, halikunisaidia hata mimi.

Kuhusu muhuri, nitasema mara moja tu. Wa zamani, tuliogonga nyuma ya picha, uliandikwa "Studio Tulia", na sikuwa na neno, studio ni yako. Ule mpya niliukuta mezani, wino haujakauka: "Picha na mandhari: Tulia". Nilikuwa na rangi ya bluu kwenye kucha, ya mawingu ya juzi yake. Ningekuuliza, kweli. Niliogopa utanijibu kwamba huoni tofauti.

Fomu nitaijaza na hizo picha za vichwa. Wakinikatalia, magari bado yanahitaji mistari.

Shemeji yako,
Mawingu


6 Machi

Kwa shemeji Mawingu,

Hujambo. Sisi hatujambo, macho ni vilevile. Barua yako imesomwa mara mbili, ya pili kwa ombi langu.

(Mara tatu.)

Nianze na muhuri, maana ndio uliotufikisha hapa. Mchonga mihuri aliniuliza niandikiwe nini. Mteja alikuwa ananisubiri studio, nina haraka, nikamwambia la kwanza lililonijia. Nilitaka watu wajue tuna mandhari, kwa sababu studio nyingine hazikuwa nazo. Jina lako halikunijia. Hilo ndilo kosa lenyewe, na sina cha kuliremba. Nilikuwa na mawingu yako mbele ya macho kila siku ya kazi, na nilipoulizwa nikajitaja mwenyewe. Uliogopa nitasema sioni tofauti. Siku ile huenda ningesema hivyo hivyo. Leo naiona, na macho yangu haya yalivyo. Nisamehe, shemeji.

(Hapa niliweka kalamu chini kidogo, mdogo wangu. Naendelea.)

Sasa sanduku. Nilisema sina picha iliyoharibika, na sikusema uongo, ila nilikuficha kitu. Wewe hukuwa mtu wa asubuhi. Ulikuwa unafika jua likiwa utosini, kwa hiyo hukujua nafanya nini saa moja. Kila ulipomaliza mandhari mpya, kesho yake niliwahi studio kabla ya mteja wa kwanza. Rangi mpya inarudisha mwanga ovyo, na usipopima unawapa watu nyuso kama wamepakwa unga. Kwa hiyo nilitoa kiti, nikawasha taa, nikaipiga picha mandhari peke yake. Nikaisafisha siku hiyo hiyo, nikaitazama, nikajua taa ziwekwe wapi. Ilikuwa kazi tu. Lakini ikishakauka sikuweza kuichoma pamoja na nyingine. Niliandika nyuma yake kwa penseli, nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Ziko ishirini na tatu. Ni mandhari zako zote, hata ile uliyoondoka nayo begani.

Barua yako ya kwanza ilipofika, tulilivuta sanduku tukalifungua. Nikaipapasa bahasha ya picha hizo, nikamwambia dada yako alifunge. Kilikuwa kinyongo, sikitafutii jina jingine. Kisha akanisomea habari ya bibi harusi na chai iliyokushinda, na kinyongo chenyewe kikaishiwa nguvu.

Nimezituma leo kwa ofisi ya vifurushi, zote. Usizikunje.

(Mimi nami nilikuwa sijaziona, sanduku hilo halikuwa la kuguswa na mtu mwingine. Nilizipanga sakafuni nikakaa katikati yake hadi chakula kikaungua. Mmoja amenioa, mwingine nimembeba mgongoni akiwa mtoto, na sijui nani kati yenu ana kichwa kigumu zaidi.)

Shemeji yako,
Tulia


17 Machi

Shemeji wangu,

Salamu nyingi, kwako na kwa dada. Kwanza kabisa: fomu imepokelewa. Nakuambia hilo mwanzoni kwa sababu yanayofuata yatakutoa jasho.

Bahasha ilifika tarehe 12. Niliifungulia pale pale kwenye benchi la ofisi ya vifurushi. Shemeji, nilikuwa nimezisahau. Nilikumbuka bahari, lakini nilisahau kwamba kuna moja niliichora baada ya mvua, ina mwanga mmoja tu kule mbali. Nilisahau chemchemi ya bustanini. Niliona na aibu zangu pia. Mandhari ya saba, ule mlima, kivuli chake kimeanguka upande ule ule lilipo jua. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia.

Halafu nikazigeuza. "Mawingu. Mandhari ya nane. Bustani. Taa ya kushoto ishuke. Anga safi sana, amejiweza." "Mawingu. Mandhari ya kumi na mbili. Amechora akiwa na homa, haionekani." Kila moja ina jina langu, kila moja ina tarehe. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naandikwa. Nililia, shemeji, mbele ya makarani, na sikujificha.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Fomu ina mahali panaposema "uthibitisho kwamba kazi ni yako". Nikajiambia, uthibitisho gani kuzidi huu? Nikapika gundi yangu ya unga wa ngano, ile ninayotumia miaka yote, nikachagua picha kumi, nikazibandika kwenye fomu moja moja, kwa upendo, nikizisugua pembe kwa kitambaa. Maandishi yako yote yakawa juu. Kesho yake nikampelekea katibu. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani, akaivaa tena. Akasema, "Mzee, nimesoma kila kitu, maandishi ni mazuri. Sasa picha zenyewe ziko wapi?"

Nilikuwa nimezibandika kifudifudi. Zote kumi.

Gundi ile ikishakauka, unajua mwenyewe, inashika hata ubao. Zile nzuri kuliko zote zilikuwa humo, na nyumbani nilibakiwa na zile ambazo hata mimi sizipendi. Katibu aliniambia kwa upole kwamba bado nina siku mbili, akanipa fomu nyingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaiweka ile fomu mezani na kuitazama tu. Kucha zilitaka kuibandua, nikajikaza.

Kilichoniokoa ni wewe. Nilikukumbuka kwenye chumba cha giza, umekunja mikono ya shati, picha zinaelea kwenye beseni, nami nakuuliza mlangoni kama hazitaharibika, nawe unanijibu, "Picha imezaliwa majini, itaogopa nini?" Nikaenda kuteka maji, nikajaza beseni la kufulia, nikalaza fomu nzima humo, nikakaa kando yake kwenye kigoda. Gundi ya unga ikalegea polepole. Karibu na saa tisa, picha ya kwanza ikaachia, yenyewe, bila kuvutwa. Nikaigeuza: bahari, haina hata mkwaruzo. Na nyuma, penseli yako haikufutika hata nukta. Nilizianika zote kumi kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, majirani wakadhani nimefungua studio.

Safari hii nilizibandika kwa pembe tu, uso juu. Kwa kuwa ni nyeusi na nyeupe, chini ya kila moja nilipaka vidoa vya rangi nilizotumia, kwa kumbukumbu. Tarehe 15, saa kumi kasorobo, fomu ilikuwa mkononi mwa katibu. Alipoifungua hakuvua miwani. Aliita wenzake wawili waje watazame.

Majibu ni baada ya mwezi. Sina usingizi mzuri, lakini sijawahi kushusha pumzi namna ile.

Shemeji yako,
Mawingu


30 Machi

Shemeji Mawingu,

Salamu. Hatujambo. Tumecheka mpaka mwanetu akatoka chumbani kuuliza kuna nini, na dada yako akaanza kusoma upya ili naye acheke. Kifudifudi, zote kumi, na ukasugua pembe.

Kumbe penseli ndiyo imekuokoa. Siku zile wino ulikuwa mezani, penseli ilikuwa sikioni, nikatumia iliyo karibu. Usinipe sifa nisizostahili.

Kuhusu kivuli cha mlima, mimi nilikiona siku ya kwanza. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umefurahi mno. Nikahamisha taa upande wa pili, ili nyuso za wateja zikubaliane na kosa lako. Mwaka mzima niliwamulika watu kutoka upande usiofaa kwa ajili ya mlima wako. Mwenye bucha ana kivuli cha pua hadi leo.

Zimebaki siku kumi na moja niingie chumba cha upasuaji. Daktari anasema ni jambo dogo. Kwake ni dogo. Mimi naogopa, na simwambii mtu ila wewe.

(Na mimi ninayeandika.)

Ukipata majibu usisubiri, piga simu. Nadhani sasa hatutafoka.

Shemeji yako,
Tulia


24 Aprili

Shemeji wangu mwenye macho,

Salamu, na tena salamu. Dada aliponiambia kwenye simu kwamba umefunguliwa bendeji na kitu cha kwanza ulichosema ni kwamba ukuta wa hospitali umepakwa vibaya, nilijua umepona. Nilikaa chini pale pale nilipokuwa napiga mistari, nikaacha gari la watu likisubiri. Nimeufuta ule mwandiko juu ya kitanda.

Nilikupigia juzi kukupa majibu, ukasema dada akuwekee simu sikioni, halafu sote wawili tukakosa la kusema, akaichukua. Kwa hiyo naandika, ujisomee mwenyewe.

Katibu alikuja kwangu kwa miguu. Nilipomwona mlangoni nikadhani kaona vibaya kumkatalia mzee kwa barua. Nikamwambia, "Binti yangu, sema tu, mimi ni mtu mzima." Akanipa karatasi. Sikuwa na miwani, nikamrudishia anisomee. Akasoma akiwa amesimama katikati ya madebe: "Kamati imemchagua mchoraji..." Baada ya neno hilo sikusikia mengine. Nilikalia debe la rangi ya manjano, bahati nzuri lilikuwa na kifuniko. Nilihisi mabega yanashuka, kama vile miaka yote hii nilikuwa nimeyapandisha bila kujua. Nikamwomba arudie. Alirudia mara tatu bila kuchoka, na ya tatu nilikuwa natabasamu tu.

Wanalitaka pazia litundikwe siku ya kufungua Wiki ya Sanaa, tarehe 14 Juni. Wanafunzi nimeshapata wanne. Mmoja ni yule bibi harusi wako wa ukuta mtupu. Alisema kama mandhari haikupatikana siku yake, atajifunza kuichora mwenyewe. Nimempa mawingu aanze nayo, na ana mkono.

Picha zako kumi wamezikuza, zitajaza ukuta mzima wa kushoto. Katibu aliniuliza chini yake waandike nini. Nikamwambia aandike "Picha: Tulia. Mandhari: Mawingu." Akauliza kama itaenea. Nikachukua futi, nikapima. Inaenea mstari mmoja, na nafasi inabaki.

Kwenye pazia nachora mlima. Ule ule wa saba, lakini mkubwa, na safari hii kivuli nitakiweka mahali pake. Njooni mapema. Kitanda nimeshaazima, na ngazi za hapa si nyingi.

Shemeji yako,
Mawingu


29 Juni

(Nyuma ya picha, kwa penseli.)

Mawingu. Mandhari ya ishirini na nne. Pazia la jukwaa, ukumbi wa mtaa. Imepigwa tarehe 14 Juni, saa moja asubuhi, kabla mtu hajaingia, wewe ukiwa bado umelala. Nimeitazama kwa macho yote mawili. Anga safi sana. Kivuli cha mlima kimeanguka tena upande lilipo jua.

Nimehamisha taa.

Shemeji yako,
Tulia